Jicho Lisilo na Mwenyewe

Karatasi ilisema mara kumi na nne. Kadi ya kamera ilikuwa na kumi na tano.

Kasyoka alihesabu tena, akasonya. Kwa mhariri wa filamu hakuna kero kama karatasi ya kumbukumbu iliyoandikwa ovyo, kwa sababu yeye hayuko pale picha zinapopigwa. Huletewa vipande tu, kama mpishi aliyeletewa mchele ambao haujachaguliwa, halafu watu wakitafuna changarawe wanamtazama yeye. Vipande kumi na vinne vya mwanzo vilikuwa sawa. Kibao kiligongwa mbele ya lenzi, nambari ikatajwa, kibao kikaondoka. Cha kumi na tano hakikuwa na kibao wala nambari. Kilianza tu, kimya, kikimtazama Umaima, mwigizaji wao, kutoka sakafuni, karibu na kizingiti.

"Bramwel!" aliita. "Hii ya kumi na tano ulipiga saa ngapi, na mbona hukuandika?"

Bramwel, mpiga kamera, alikuwa ukumbini akifuta lenzi. Alikuja Mombasa kutoka Kakamega kutafuta kazi bandarini, akaishia kupiga video za harusi, na sasa filamu. "Nilipiga kumi na nne, dada. Mgongo wangu ndio shahidi. Labda ulibonyeza mahali."

Hilo ndilo jibu alilolichukia Kasyoka kuliko majibu yote. Miaka tisa ya kuhariri, na bado kosa la kila mtu lilikuwa ni yeye kubonyeza mahali.

Filamu yenyewe ilikuwa ya Khubaib, mwongozaji kijana wa Kibokoni mwenye macho mazuri na masikio mabovu: aliona kila kitu, hakusikia la mtu. Alikuwa ameazima nyumba kongwe nyuma ya Ndia Kuu, ambayo warithi wake waligombana wakaiacha imefungwa miaka na miaka, popo wakaigawana bila ugomvi. Chumba cha juu ndicho walichopigia picha. Cha chini, chenye dirisha moja la mbao, alipewa Kasyoka na kompyuta yake na feni iliyolalamika mchana kutwa.

Hadithi ilikuwa fupi. Mwanamwali aliyebaki peke yake katika nyumba ya wazee wake anatayarisha chumba, anafukiza udi, anafungua mlango na kumpokea mgeni. Mwanamwali alikuwa Umaima. Mgeni alikuwa awe Ronald, mwigizaji wa Nairobi, aliyetarajiwa kushuka Mwembe Tayari na basi la mchana.

Watu wasiofanya kazi hii hudhani mazungumzo ya kwenye filamu hupigwa kama yanavyozungumzwa. Sivyo. Hupigwa nusu nusu. Kwanza kamera hukaa pale alipo mgeni, na mwenyeji huizungumzia kana kwamba ndiyo macho ya mgeni. Kisha kila kitu hugeuzwa, kamera ikakaa upande wa mwenyeji, na mgeni akapigwa uso wake akitazama. Mhariri akiziunganisha hizo mbili, mtazamaji anaamini, bila kuambiwa na yeyote, kwamba anaona kile anachokiona mgeni. Ndio uchawi wote wa kazi hii, na ni uchawi wa halali. Anaonyeshwa uso, kisha anaonyeshwa kinachotazamwa, na jicho limepata mwenyewe.

Khubaib hakumngoja Ronald. Alipiga nusu ya Umaima kwanza ili asiukose mwanga wa saa kumi, jua linapoingia dirishani kwa mshazari. Mara kumi na nne Umaima alifukiza udi, tena udi wa kweli, kwa sababu Khubaib alitaka moshi uonekane kwenye mwanga. Mara kumi na nne alifungua mlango wa chumba kilichokaa miaka bila mtu, akatazama pasipo na mtu, akasema kwa adabu zote alizofunzwa kwao, "Karibu." Hodi haikubishwa hata moja. Mtoto yeyote wa Mji wa Kale angewaambia kwamba karibu haitangulii hodi, na kwamba nyumba iliyohamwa haifukizwi udi ila kwa kusudi. Lakini hawa walikuwa watu wa filamu, na mtu wa filamu akishika kamera husahau hata jina la nyanyake.

Jioni Ronald akapiga simu kutoka Mtito Andei: amepata kazi nyingine, anarudi.

"Vyema," Khubaib alisema, na macho yakamng'aa. "Mgeni asionekane kabisa. Tuone anachokiona, yeye tusimuone. Watu watatetemeka, Kasyoka."

"Jicho lazima liwe na mwenyewe," Kasyoka alimwambia. "Ukimnyima mtazamaji uso, unaacha mlango wazi."

"Wewe wapenda kila kitu kifungwe kama duka."

Duka alilolitaja kwa mzaha lilikuwapo kweli, na ndilo lililomnyima Kasyoka usingizi. Baba yake Umaima, Mzee Kutbuddin, aliuza kufuli na bawaba karibu na Marikiti, na hakutaka binti yake aigize. Kasyoka ndiye aliyekwenda kumbembeleza. Alikunywa chai yake vikombe vitatu, akamjibu maswali yake yote, na mwisho akampa neno lake: "Mzee, nitamrudisha kama ninavyomchukua." Mzee hakumpa Khubaib mtoto wake. Alimpa yeye.

Sasa alivaa vipokea sauti masikioni, akakitazama kile kipande cha kumi na tano mpaka mwisho.

Umaima alionekana mrefu, mabega mapana, kichwa kinakaribia boriti. Ndivyo inavyokuwa kamera ikiwekwa chini: mtu hukua. Hivyo ndivyo mtoto anayetambaa anavyomwona mamake, na hivyo ndivyo aliyekuja kuomba kitu anavyomwona mwenye nyumba. Alama ya unyenyekevu, basi. Yeyote aliyeipiga alikuwa ameinama sana. Umaima alitabasamu kuelekea chini, akasema, "Karibu."

Na sauti nyuma ya kamera, ya chini, ya mtu asiye na haraka, ikajibu, "Starehe."

Kasyoka aling'oa vipokea sauti masikioni. Si Bramwel, Bramwel hajui hata kama karibu ya Mombasa hujibiwa. Si Khubaib, sauti yake ni ya pua. Alikaa akisikiliza feni, kisha akagundua kwamba chumba chote cha chini kilinuka udi, ilhali chetezo kilikuwa juu, kimeoshwa na kufunikwa tangu jana.

Aliwaita Bramwel na Khubaib. Walisimama nyuma ya kiti chake wakatazama. Ile sauti haikusikika. Walipofika mwisho, palikuwa na kimya tu.

"Mashaallah," Khubaib alisema polepole. "Nani kapiga hii?"

Khubaib akampiga Bramwel begani. "Na wewe mjanja! Walala chini kwa chini, hata hwambii mtu! Hii ndiyo picha bora tuliyopata tangu tuanze."

Bramwel akatabasamu kwa haya. "Nilijaribu tu kitu," alisema.

Kumbe sifa hutibu usahaulifu. Kasyoka alimtazama kwa hasira, yeye akatazama ukuta.

Siku ya pili walipiga Umaima akimimina kahawa mbele ya kiti kitupu. Karatasi ilisema mara sita, kadi ikasema saba. Ya saba ilikuwa imepigwa kutoka kwenye kiti chenyewe, sawa kwa sawa na macho ya Umaima. Wawili wakiwa kimo kimoja huwa wamezoeana. Mgeni alikuwa ameinuka sakafuni, ameketi, ameshakuwa mtu wa kunywa kahawa.

Siku ya tatu, picha ya ziada ilipigwa kutoka juu. Umaima alikuwa chini kabisa, anakunja mkeka, utosi wake na mstari wa nywele vikionekana wazi, na kivuli cha boriti kimemkata mabegani. Kamera ikiwa juu, mtu hupungua. Mtoto mkaidi hupigwa hivyo, na mfungwa, na mtu ambaye uamuzi wake umeshachukuliwa na mwingine. Kasyoka alizipanga picha tatu pamoja, moja baada ya moja, akazisoma kama mtu anavyosoma barua. Nimekuja kwa unyenyekevu. Nimeketi nawe. Sasa niko juu yako.

Na kila moja ilikuwa karibu zaidi na Umaima kuliko iliyotangulia.

Alipanda ngazi mbio. Umaima alikuwa amesimama katikati ya chumba, mahali penye mwanga, ingawa hapakuwa na kamera iliyowashwa. Alikuwa msichana wa kucheka, wa kula bajia huku anaongea na kuomba radhi kwa makombo. Siku tatu sasa hakuwa amekula. Shingo yake iliinama mbele, na alipopita mlangoni, mlango ambao hata Bramwel mrefu alipita wima, aliinamisha kichwa.

"Umaima, mbona unainama?"

"Pana uchache wa nafasi, Da Kasyoka," alinong'ona. "Huku juu ya kichwa. Kwani wewe hulioni?"

"Silioni nini?"

Umaima alitazama pembe ya dari, akaangusha macho haraka. "Bora tusiliseme. Lasikia."

Kasyoka alimkuta Khubaib uani, akamweleza yote kwa mpangilio, picha ya chini, picha ya sawa, picha ya juu, maana ya kila moja, na shingo ya yule mtoto. Khubaib alisikiliza huku akitafuna karafuu.

"Huo ndio mtindo wa filamu," alisema. "Bramwel amepata mtindo. Wewe wanieleza uzuri wa picha kisha wanambia ni ubaya!"

"Nakwambia binti anaumwa, wewe unaniambia mtindo?"

"Ameingia kwenye uigizaji wake. Waigizaji wakubwa huwa hivyo. Mwache."

"Bramwel hakupiga picha hizo! Muulize!"

Khubaib alimgeukia Bramwel. Bramwel alitazama viatu vyake. "Zingine huwa nasahau," alisema.

Kasyoka alitamani kulia, si kwa woga bali kwa ghadhabu. Unaweza kupiga kelele jini lipo, watu wakaja na vyetezo na tasbihi. Lakini ukisema picha hii ina maana hii, wanakuona una maringo ya shule. Alirudi chini akazifuta picha zote tatu, kwenye kompyuta na kwenye kadi, akazima kila kitu, akaenda zake nyumbani Tononoka. Usiku ule alipika, akaunguza, na mumewe Barnabas akala kimya kwa busara.

Asubuhi picha zilikuwa zimerudi zote tatu, na ya nne imeongezeka.

Hakuifungua mara moja. Umaima alikuwa ameteremka kupumzika, ameketi kwenye kigoda nyuma yake, mikono magotini. Mchana ulikuwa mweupe, wauza kahawa wakigonga vikombe huko nje, na Kasyoka alijiambia kwamba hakuna kibaya kinachotokea saa tano ya asubuhi. Akabonyeza.

Ilikuwa uso tu. Uso wa Umaima umejaa kioo kutoka ukingo hadi ukingo, bila nafasi juu ya kichwa, bila shavu kupata pa kupumulia, bila ukuta wala dirisha nyuma yake, na kwanza Kasyoka alidhani picha imesimama, mpaka ule uso ukameza mate, na nyuma yake, kwenye kigoda, akasikia mtu anameza mate, na ule uso ukapepesa macho na kuvuta pumzi yenye mkwaruzo, na nyuma yake pumzi ikakwaruza vilevile, na harufu ya udi ikashuka juu ya mabega yake nzito kama blanketi lililoloa, akaelewa kwamba hicho si kipande kilichopigwa jana wala juzi, kwamba jicho lililokuwa likitazama lilikuwa mle chumbani wakati huohuo, kati ya kiti chake na kigoda, kwenye nafasi isiyotosha hata paka.

"Umaima," alisema bila kugeuka, kwa sauti aliyoilazimisha itulie. "Fumba macho."

Kwenye kioo macho yakafumbwa. Picha ikasogea. Sasa ilikuwa kope tu, na mshipa mdogo wa buluu ukipigapiga juu yake.

Kasyoka aliing'oa kompyuta kwenye umeme, akamshika Umaima mkono, wakatoka wakikimbia. Alijua hesabu ya kazi yake. Baada ya uso hubaki jicho, na baada ya jicho hakuna pa kwenda ila ndani. Aliahidi kumrudisha mtoto kama alivyomchukua, na ilibaki picha moja.

Maalim Abdulghafur alikuwa na kibanda nyuma ya Marikiti, kimejaa televisheni zilizofunguliwa matumbo. Zamani aliendesha mashine ya sinema miaka ishirini mpaka sinema ikafungwa. Watu walimjia kwa televisheni zilizokufa na kwa majini waliokataa kutoka, na wengine kwa yote mawili safari moja. Kasyoka, mtu wa kanisa, hakuwahi kumwendea kwa lolote. Alibisha hodi mara tatu, akangoja ajibiwe.

"Karibu, mwanangu. Huyu si binti Kutbuddin? Mketishe hapa penye upepo."

Alimtazama Umaima kitambo, akamsomea Ayatul Kursiyyu polepole, mkono juu ya kichwa bila kumgusa. Umaima alilala usingizi palepale, shingo ikiwa bado imeinama. Kasyoka alisimulia. Kwa mara ya kwanza katika siku nne, mtu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza la maana.

"Picha ya mgeni mwenyewe mlipiga?"

"Hatukupiga. Mwigizaji hakuja."

"Na mwenyeji alisema karibu mara ngapi?"

"Kumi na nne."

"Hee! Na udi juu!" Maalim alipiga paja. "Mimi hata mke wangu simkaribishi mara kumi na nne. Sasa sikiza. Kusoma n'tasoma, na kusoma kwamtuliza. Lakini huyu hakuvamia. Mumemuita, mukamfukizia, mukampa na macho ya kutazamia. Mgeni aliyekaribishwa hafukuzwi kwa ubani, mwanangu, huo ubani ni takrima yake."

"Basi tufanye nini?"

"Wewe ndiwe mwenye kazi, mimi n'lizungusha mashine tu. Miaka ishirini n'liona watu gizani wakitazama. Jicho likishapata uso, watu walijua ni la nani, wakatulia. Lisipopata, kila mmoja aligeuka nyuma kuangalia ni nani."

Kasyoka alijua tangu siku ya kwanza, akalisema, na halikusikilizwa. "Nusu ya pili," alisema. "Tuipige nusu ya pili. Mtu akae pale mgeni alipokuwa, apigwe uso wake akimtazama Umaima. Macho yatakuwa yake."

"Na yule hatakuwa na pa kutazamia," Maalim alisema. Akashusha sauti. "Lakini yatakuwa yake kweli, huyo atakayekaa. Wala si mtu yeyote tu. Ni lazima awe amemtazama binti huyu kwa macho hayo. Mimi sikwambii nani akae. Nakwambia pana kiti kitupu."

Kasyoka alifikiria siku zote alizokaa mbele ya kompyuta, uso wa Umaima mbele yake asubuhi hadi jioni, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hata mamake hakuwahi kumtazama kiasi hicho.

Saa kumi kasorobo walikuwa chumba cha juu. Ilibidi iwe saa ile, mwanga ulingane na ule wa mwanzo, la sivyo nusu mbili hazitaungana. Bramwel aliposikia kinachotakiwa aliketi kwenye ngazi akafunika uso.

"Sikupiga hata moja, dada," alisema. "Jana nilichungulia kwenye kamera ikiwa imezimwa. Nilimwona Umaima ndani, amelala kwao kitandani. Sikusema. Nilikuwa nimeshasifiwa."

"Inuka," Kasyoka alimwambia. Hasira ingengoja. "Weka kamera pale Umaima alipokuwa anasimama, upande uleule wa mstari wa macho yetu. Ukiuvuka, nitaonekana nimekaa kando ya Umaima, hatutazamani."

Maalim alisimama kizingitini akisoma kwa sauti ya chini. Umaima alisimama bega kwa bega na kamera, akiwa amejikunja kama bibi kizee, ili macho ya Kasyoka yapate mahali sahihi pa kuangukia. Khubaib alitokea ngazini akifoka kwamba nani ametoa ruhusa, kwamba mgeni akionekana filamu imekufa, kwamba yeye ndiye mwongozaji. Halafu akaingia chumbani, ile harufu ikampata kooni, akaona chetezo kimefunikwa, tena kimepoa, akaacha sentensi yake katikati.

Kasyoka alikaa kwenye kiti. Kilikuwa na joto.

"Mara ya kwanza," Bramwel alisema, akagonga kibao.

Alimtazama Umaima. Alijilazimisha kumtazama kama mgeni anavyomtazama mwenyeji, bila kupepesa, na kitambo kidogo hakikutokea kitu ila feni ya chini ikilalamika na sauti ya Maalim ikipanda na kushuka, kisha pumzi ikagusa sikio lake la kushoto, pumzi ya mtu asiye na haraka, ikaja upande wa shavu, kitu kikamwegemea kama mtu anavyomwegemea mwenzake kwenye dirisha moja ili wote waone nje, na kila alipotaka kujitoa alijikumbusha chai vikombe vitatu na neno alilolitoa, akakazana, akamtazama yule mtoto na kumtazama, machozi yakimtiririka bila kope kushuka, mpaka ile pumzi ikapita kwenye shavu, ikapita kwenye pua, ikawa haiko nje tena bali inapanda na kushuka sawasawa na yake, na Umaima akainua kichwa.

"Basi," Maalim alisema. "Kata."

Umaima alinyooka kama mtu aliyetuliwa gunia. Alitazama dari, akalia, halafu akasema kwamba ana njaa ya kufa.

Kasyoka aliziunganisha zile nusu mbili palepale, kabla hajanywa hata maji. Uso wake, kisha Umaima. Uso wake, kisha Umaima. Ziliungana bila mshono. Vile vipande vinne vya ziada havikuwapo tena kwenye kadi, wala kwenye kompyuta, na chumba kilinuka vumbi na popo kama kilivyostahili.

"Imekuwa filamu ya kawaida," Khubaib alinung'unika. "Siri yote imetoka. Sasa watu watajua ni mwanamke tu anamtazama mwenzake."

Asubuhi iliyofuata, kazi ikiwa imekwisha, Kasyoka alimkabidhi Umaima kwa babake dukani, kama alivyoahidi. Mzee Kutbuddin alifunga nusu ya duka kwa furaha, akaagiza chapati na maharagwe ya nazi kutoka mkahawa wa jirani, akamketisha Kasyoka kwenye kiti chake mwenyewe kati ya kufuli zinazoning'inia. Umaima alikula akiongea, akaomba radhi kwa makombo. Kasyoka alimtazama, na moyo wake ukajaa shukrani.

Alimwona msichana mzima, na meza, na mlango nyuma yake. Kisha akamwona kuanzia kifuani. Hakuwa amesogea. Kiti kilikuwa palepale, mgongo wake umegusa ukuta, lakini meza ilikuwa imetoka pembeni mwa macho yake, na mlango, na mabega, na sasa alikuwa anauona uso tu, mkubwa, bila nafasi juu ya kichwa, na chembe ya chapati kwenye mdomo wa chini. Alijaribu kutazama pengine, macho yakakataa. Umaima alipunguza kutafuna. Shingo yake, polepole, bila mwenyewe kujua, ikaanza kuinama.

"Da Kasyoka," alisema kwa sauti ndogo, "mbona wanitazama hivyo?"

Ule uso ukasogea. Jicho moja lilikuwa linajaa kila mahali, jeusi, lenye maji, na katikati yake palikuwa na mlango mdogo wa giza, na kitu ndani ya Kasyoka kilijua kuuingia.

Alifunika macho yake kwa viganja vyote viwili. Akainuka, akaangusha kufuli, akapapasa kaunta mpaka akafika barabarani, na mkono wa Mzee Kutbuddin ukamshika kiwiko.

"Mama, waumwa? Jua hilo?"

"Mzee, nisikilize." Hakuyafungua macho. Mikokoteni ya Marikiti ilipita ikipiga kelele, naye ikabidi apaze sauti. "Nimemrudisha. Sasa nakuomba kitu kimoja. Nikija kumuulizia Umaima, sema hayupo. Hata nikija nalia. Hata nikisema ni wewe uliyeniita. Usinifungulie."

Mzee Kutbuddin alicheka kwa upole, akadhani ni utani wa watu wa filamu. Alimpigapiga mkono.

"Maneno gani hayo? Wewe umenirudishia mtoto. Kwangu wewe sasa ni mtu wa nyumbani," alisema. "Mtu wa nyumbani haulizwi mlangoni."